Maji ya Bamvua Niliyoyafuta kwa Kipanya

Nondo tuliipigilia mchangani Jambiani, Unguja, asubuhi moja bahari ikiwa imekupwa, hatua chache kutoka kwenye kamba za mwani za shangazi yangu. Tukaifungia kwa waya kifaa kidogo cha ukubwa wa tochi, kinachopima uzito wa maji yaliyo juu yake na kujiandikia kila baada ya dakika kumi. Tulikiacha siku 90. Vipimo 144 kwa siku, mara siku 90, ni mistari 12,960. Faili zima lilikuwa dogo kuliko picha moja ya simu, na ndilo lililonifundisha kutumia kipanya, kazi niliyodhani nimeimaliza kwenye darasa la kompyuta sekondari.

Nasema kipanya. Wapo wanaosema mausi, kamusi inayo puku, na rafiki zangu wa Dar es Salaam wakisikia kipanya wanaiona Hiace imejaza abiria mpaka mlangoni. Humu ndani ni kile cha mezani.

Swali letu lilikuwa dogo. Mwani wa Unguja, tangu kilimo chake kianze kibiashara mwaka 1989 huko pwani ya mashariki, hulimwa kwa vigingi na kamba mahali ambapo bahari ikipwa mtu anafika kwa miguu. Wakulima wengi ni wanawake, na saa zao za kazi hupangwa na maji. Tulitaka kujua, pale kwenye kamba za shangazi, kila maji yanapotoka hubaki chini ya goti kwa muda gani. Chini ya goti ndipo mtu anafunga na kuvuna bila kusukumwa na wimbi.

Kuitazama data nilitumia Matplotlib, ile maktaba ya kuchora grafu ya Python, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, kwa kuwa ni ya bure na laptopu yangu ni mzee. Aliyeianzisha, John Hunter, alikuwa mtafiti wa ubongo. Aliitoa mwaka 2003, akiwa na haja ya kutazama mawimbi ya umeme kwenye ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini dirisha la grafu limewekewa ikoni zile: nyumba ya kurudi mwanzo, mishale ya mbele na nyuma, mishale minne ya kusogeza, kioo cha kukuzia. Wakati ule, lakini, nilikuwa sizigusi. Niliichora data yote ya siku 90 kwenye dirisha moja, nikaiona inapendeza, bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana) na maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo) yakipokezana kama shanga kubwa na ndogo, nikaanza kubofya vilele ili kuandika saa za maji kujaa.

Tuhesabu pamoja. Dirisha langu lilikuwa na upana wa pikseli, vile vidoti vya skrini, kama 1,000. Siku 90 ni saa 2,160. Kila pikseli, basi, imebeba saa mbili na dakika kumi. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, kwa hiyo kilele na bonde vilikuwa vimeachana kwa pikseli tatu. Mimi nabofya kwa kidole kinachotetemeka kidogo, kwenye meza inayocheza mguu mmoja, nikiamini naandika saa ya maji kujaa! Jedwali langu la kwanza lilikuwa na vilele vilivyokuwa mabonde.

Dawa yake ilikuwa hesabu ileile kuigeuza. Wiki moja ina dakika 10,080. Ukiiweka wiki moja kwenye pikseli 1,000, pikseli moja ni dakika kumi, sawasawa na mwendo wa kifaa. Tangu hapo nafungua wiki moja kwa dirisha moja, na ninaposogea kwenda wiki inayofuata nashikilia herufi x huku naburuta, grafu iende kushoto na kulia tu bila kupanda wala kushuka. Usiposhikilia, mkono unapotoka kidogo na mhimili wa wima unahama nawe, na jicho halisemi kitu. Bonde la wiki hii linaonekana la chini kuliko la wiki iliyopita kwa sababu tu umelishusha mwenyewe.

Hata kwenye wiki moja mkono ni mkono. Kwa hiyo skripti yangu, yale maagizo niliyoiandikia kompyuta, haikuchukua pale nilipobofya. Ilichukua ile saa kama dokezo, ikatafuta kipimo cha juu kabisa ndani ya saa moja kabla na saa moja baada, ikaandika hicho. Mimi naonyesha mlima, yenyewe inatafuta kilele.

Sasa kuna ginput. Ni amri ya Matplotlib inayokuambia: bofya, nami nitakurudishia mahali ulipobofya. Nyepesi mno, na ndani yake mna mashimo matatu. Nilitumbukia yote.

La kwanza ni muda. Usipoiambia vingine, inasubiri sekunde 30 kisha inafunga hesabu na kurudisha ilichonacho. Niliinuka kumfungulia mtu mlango, niliporudi nikaendelea kubofya kwa bidii kwenye grafu ambayo haikuwa ikinisikiliza tena. Dawa ni kuiwekea muda wa sifuri, maana yake subiri hata kama ni mpaka kesho.

La pili ni kitufe cha kulia. Mkono wangu umelelewa na kompyuta za ofisini, na kwangu kulia ni menyu. Ndani ya ginput, kulia kunafuta pointi ya mwisho uliyoweka. Nikabofya kulia nione menyu, hakuna menyu. Nikabofya tena. Nikabofya kwa hasira mara tatu. Alama nyekundu zikawa zinapungua moja moja nami nashangaa zinakwenda wapi.

Kitufe hiki kila programu imekipa ajira yake. Kwenye gnuplot kinaanzisha kisanduku cha kukuza, na ukijuta unabonyeza u. Kwenye PyQtGraph ukikishika na kuburuta, mihimili inatanuka na kunywea kama ngozi ya ngoma. Matplotlib yenyewe haina msimamo: ukiwa kwenye mishale minne, kuburuta kwa kulia kunakuza, ukiwa kwenye kioo, kisanduku unachochora kwa kulia kinafanya kinyume chake na kukuonyesha eneo kubwa zaidi. Nimezoea sasa kila nikifungua programu ngeni kubofya kulia mara moja kwenye data isiyo na thamani, nione kinafanya nini, kabla sijaileta ya maana.

Shimo la tatu ndilo baya, kwa sababu halipigi kelele. Nikiwa katikati ya kuhesabu vilele, nabonyeza kile kioo ili nikuze sehemu yenye msongamano. Nachora kisanduku, nakuza, nazima kioo, naendelea. Nilichokuwa sijui ni kwamba ginput inahesabu kila bofyo, hata lile la kuanzia kisanduku cha kukuza. Pembe za visanduku vyangu zikawa zinaingia kwenye jedwali zikijiita maji kujaa.

Nilizigundua kwa sababu bahari ina adabu yake. Maji yakijaa sasa, yatajaa tena baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, yakichelewa au kuwahi kwa dakika chache. Siku 90 zinatoa kujaa 174. Mimi nilikuwa na 203, na baadhi zilifuatana kwa saa tatu. Ingekuwa ni mapigo ya moyo au mitetemo ya ardhi, vitu visivyo na saa ya kujulikana, nisingejua mpaka leo. Niliachana na ginput nikaandika kishughulikiaji changu cha mabofyo, na mstari wake wa kwanza unauliza: je, kioo au mishale imewashwa? Kama ndiyo, ondoka, usiandike kitu.

Kibodi nayo imo. Dirisha la grafu likiwa mbele, herufi tupu ni amri. Niliegemeza kiganja, l ikabonyezwa, mhimili wa wima ukageuka wa logi, kipimo kisicho na nafasi ya sifuri, na kila kilichokuwa sifuri au chini yake kikatoweka kwenye skrini. Nilikaa robo saa nikitafuta data iliyopotea kabla ya kubonyeza l tena kwa bahati. Na q inafunga dirisha. Sitaki kusema mengi kuhusu q. Yalikuwa mabofyo 140, na ilikuwa usiku.

Hayo yote, hata hivyo, ni makosa ya kujikwaa, unainuka, unajipangusa. Lililonitoa jasho nililifanya kwa mkono uliotulia, nikijisifu.

Kusafisha data nilikuwa nimeandika kichaguzi: unaburuta kipanya juu ya kipande cha muda, kipande kinageuka chekundu, ukiachia kinaondolewa. Nilikipenda kupita kiasi. Kulikuwa na mahali mwenzetu alikitoa kifaa majini kupakua data, nikaburuta, kikaondoka. Kulikuwa na kipimo kimoja kilichoruka juu peke yake; kikaondoka. Halafu nikaona kwamba kila baada ya wiki mbili, siku tatu nne mfululizo, bonde halina duara. Mstari unashuka, ukifika karibu na sifuri unanyooka kama uzi wa mwashi, unakaa hivyo, kisha unapanda. Darasani tulifundishwa kwamba kipimo kisichobadilika ni dalili ya kifaa kilichoganda. Nikaburuta, nikaachia. Bonde baada ya bonde, wiki zote kumi na tatu. Grafu ikawa safi, na mimi nikahifadhi faili kwa jina lilelile.

Kesho yake jioni nilikuwa uani kwa shangazi, laptopu magotini, yeye anakuna nazi.

“Shangazi, kifaa kinasema siku za bamvua mnapata kama dakika arobaini hivi za maji chini ya goti.”

Mbuzi ikanyamaza. “Dakika arobaini za nani?”

“Za pale kwenye kamba zako.”

“Mwanangu, dakika arobaini sijamaliza hata kamba tatu. Bamvua tunashuka saa tatu, saa sita ndiyo tunarudi, maji yakitufukuza. Na katikati pale pakavu kabisa, mtu anatembea na kobazi. Mwambie huyo kifaa wako aje afunge mwani yeye.”

Pakavu kabisa. Nilisikia masikio yanapata moto. Kifaa kikikosa maji juu yake, ukishatoa uzito wa hewa, kinaandika sifuri, na sifuri ile hainyanyuki mpaka maji yarudi. Ule uzi wa mwashi ulikuwa mchanga mkavu. Nilikuwa nimeyafuta maji ya bamvua makubwa kuliko yote, zile saa ambazo shangazi na wenzake huishi kwazo, na kuhesabu kama muda wa kazi vile vipimo vinne tu vilivyobaki pembeni, viwili maji yakishuka na viwili yakipanda.

Na grafu haikunishtaki. Nilikuwa nimeiondoa ile mistari kutoka kwenye faili, na Matplotlib ikikuta pointi mbili jirani inaziunganisha, hata kama kati yao kuna saa mbili za hewa. Kama ningeacha mistari na kuweka alama ya kwamba hapa hakuna namba, ungebaki mwanya mweupe ambao mtu yeyote angeuliza ni wa nini. Kufuta kulinipa mstari usio na mwanya, na watu hawaulizi kuhusu mstari usio na mwanya.

Kumbukumbu ya kifaa tulikuwa tumeshaifuta kukirudisha majini. Nakala iliyosalimika ilikuwa kwenye flashi ya mwenzangu, katikati ya nyimbo za harusi, na haikuwa kwa mpango wowote.

Nilianza upya, polepole zaidi. Faili la asili nililifunga lisiandikike. Kichaguzi nilikibakisha, maana kwa kweli hakuna kitu kinachoshinda jicho na mkono katika kuonyesha “hapa pana jambo,” lakini nilikivua mamlaka. Sasa nikiburuta na kuachia, hakifuti. Kinafungua mstari mpya kwenye daftari la pembeni: mwanzo wa kipande, mwisho wake, nani aliyeburuta, dirisha lilikuwa na upana wa siku ngapi wakati huo, na kinaniuliza sababu. Nisipoandika sababu kinagoma. Mara ya kwanza nilijibu “mbaya.” Baada ya siku mbili nikasoma “mbaya, mbaya, mbaya” na sikukumbuka ubaya ulikuwa upi. Nikaanza kuandika sentensi.

Saa zenyewe zilinisumbua. Kwenye grafu ya tarehe, kipanya hakirudishi tarehe, kinarudisha idadi ya siku tangu tarehe 1 Januari 1970; ukiona 19723.5, hiyo ni adhuhuri ya Januari mosi 2024. Na kifaa chetu kilijiandikia saa za Greenwich. Kuzipeleka kwa shangazi nilikuwa naongeza tatu kupata saa zetu, kisha natoa sita kupata saa za Kiswahili, mpaka nilipogundua kwamba ni kutoa tatu tu. Saa 7 ya kifaa ni saa nne ya shangazi. Bonde la bamvua, asubuhi, saa nne: ndivyo walivyokuwa wakisema wao siku zote, na grafu ikaanza kukubaliana nao.

Sifuri za mchanga mkavu zikarudi mahali pake na muda wa kazi ukapita saa mbili. Shangazi nilipomwambia hakushangaa hata kidogo, aliuliza tu kama nimeshakula.

Zile sifuri zilinifaa tena nisipotarajia. Nilikuwa nimetoa kwenye vipimo yale maji yanayotabirika kwa mwezi na jua, nikabaki na masalio, mstari mwembamba unaopaswa kuchezacheza karibu na sifuri. Safari hii nilishikilia y badala ya x, nikakuza wima peke yake. Mnamo siku ya 51 mstari ukashuka ngazi ya sentimita sita, ghafla, kati ya kipimo kimoja na kingine, na haukupanda tena. Kwenye grafu ya mita tatu, sentimita sita huzioni.

Mkono wangu ulishakwenda kwenye kichaguzi. Kifaa kimeharibika, nilijisemea, tuinue hiki kipande chote kwa sita na mambo yaishe. Kabla ya kuburuta nikatazama mabonde ya mchanga mkavu, kabla ya siku ya 51 na baada yake. Sifuri, na sifuri. Kifaa kingekuwa kimeanza kudanganya, kingedanganya na kikiwa kikavu. Kilikuwa kinasema kweli pande zote mbili, ila majini kilikuwa kimekaa juu zaidi kwa sentimita sita. Kama ningekuwa nimezifuta zile sifuri, nisingekuwa na shahidi wa kuniambia hivyo.

Nikaipeleka laptopu uani. Nikamwonyesha shangazi ile ngazi, nikamtajia tarehe. Alikataa kushika kipanya, akaweka kidole chake chenye tui kwenye skrini, juu ya ile ngazi hasa.

“Hii si siku ile nondo yenu iling'oka? Jahazi la watalii lilipita likaikokota kwa kamba. Nikaikuta imelala. Nikaisimamisha, nikaipigilia kwa jiwe. Mchanga ulikuwa mgumu, haikuzama kama mwanzo.”

“Mbona hukusema, shangazi?”

“Uliniuliza?”

Nikafuta tui kwa kiganja, nikaburuta kutoka siku ya 51 hadi mwisho, nikaachia. Daftari likauliza sababu. Nikaandika: nondo iling'olewa na jahazi, ikasimamishwa tena, imepanda sm 6, kifaa kizima. Kwenye nafasi ya nani, badala ya jina langu, nikaandika shangazi.

Akainama kusoma, midomo ikitembea. “Ongeza hapo,” akasema, “kwamba sikulipwa.”

Nikaongeza.